Betri za Mvua Zatoka Nyuma ya Kufuli

Saa moja asubuhi, watoto wa shule wakiwa bado njiani, Shangazi Makopo amekwisha kaa juu ya kreti la soda mbele ya duka lake, miguu ameinyoosha, kitambaa kimetandikwa mapajani. Kulia kwake kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa betri. Kushoto kuna kopo jingine, tupu. Mkononi ameshika balbu ndogo ya tochi iliyofungwa nyaya mbili.

Anachukua betri, anagusisha waya mmoja juu na mwingine chini, anatazama. Balbu ikitoa mwanga mweupe, betri inakwenda kushoto. Ikiwa nyekundu kama kaa linalozimika, betri inatupwa katika ndoo.

"Hii imechoka," anasema, akiigeuza vidoleni. "Haijafanya kazi hata siku moja. Imechoka kwa kukaa tu. Kama mume wangu."

Mume wake, dereva mstaafu, amekaa kwenye benchi hatua chache kutoka hapo, redio ikiwa sikioni. Hageuki.

"Nimesikia," anasema.

Duka la Shangazi lina mlango mmoja wa chuma na dirisha moja la kuuzia. Ndani kuna sabuni, viberiti, chumvi, sukari ya kupima, nyembe na dawa za mbu. Juu ya dirisha, kwenye kamba, zimening'inia betri: kubwa za tochi, ambazo wazee bado huziita mawe, na ndogo za redio, saa ya ukutani na rimoti. Ni zile za bei ya chini kabisa. Jozi moja haizidi bei ya kikombe cha chai.

"Nikiuza pakiti nzima, faida yake hainunui mche wa sabuni," anasema. "Lakini bidhaa gani nyingine hapa dukani inaweza kumtoa mtu ndani ya nyumba yenye maji?"

Si maneno ya biashara. Mtaa huu umejengwa kwenye mteremko, na chini kabisa unapita mtaro mkubwa. Mvua ikinyesha ya kawaida, mtaro hubeba maji na chupa za plastiki. Ikinyesha sana, hukataa kubeba, na maji hurudi yakapanda vichochoroni. Umeme hukatwa mapema, mara nyingi mchana, kwa sababu nguzo mbili zimesimama kwenye bonde. Jioni ikifika, simu nyingi zimekwisha chaji. Zilizobaki na chaji zinahitajika kupigia watu, si kumulika ngazi.

Hapa hakuna king'ora cha kuonya watu wala ghala la vifaa vya dharura. Kuna tochi, na kuna makopo ya Shangazi.

Makopo hayo ndiyo yaliyompa jina. Zamani, anaeleza, kila mvua zikikaribia alikuwa akiuza betri nyingi kuliko miezi mingine yote. Watu walinunua za kuweka akiba. Wiki mbili baadaye walirudi kununua tena, na mvua ilikuwa haijanyesha.

"Nikawa nauliza: zile zimekwenda wapi? Mmoja ananiambia zimeingia kwenye rimoti. Mwingine saa ya ukutani ilisimama. Mwingine mtoto ana gari lake la kuchezea, linalia usiku kucha pii-pii. Na wengine," anamtupia jicho mume wake, "mpira ulikuwa unatangazwa redioni."

"Ilikuwa fainali," anasema mume wake.

"Kila wiki fainali!"

Akaanza kuwashawishi wateja wake wanunue betri na kuziacha pale pale dukani. Kila nyumba ikapata kopo lake. Hakuandika majina. Alifunga kwenye kila kopo kipande cha kitambaa cha pazia la nyumba hiyo, na vipande hivyo alipewa na fundi cherehani anayeishi chini karibu na mtaro, ambaye ndiye aliyeshona mapazia ya karibu mtaa mzima. Mtu akifika na kusema "nipe langu", Shangazi hakuwa na haja ya kusoma. Alitazama rafu, akamkumbuka mtu kwa dirisha lake.

Watu waliziita betri za mvua. Mtu aliyetaka kuzichukua ili aangalie tamthilia alirudishwa nyumbani mikono mitupu, hata kama alizilipia mwenyewe.

"Nilikuja siku moja na uso mkavu kabisa," anakumbuka fundi wa kuchomelea vyuma, jirani wa duka, ambaye mtaa mzima unamwita Nyundo. "Nikamwambia, Shangazi, kuna mawingu, nipe betri zangu. Akatoka nje, akatazama juu. Jua linawaka. Akaniambia, rudi na mawingu yako."

Mpango huo ulikwenda vizuri kwa miaka. Kila mvua, watu walipanga foleni mapema, wakachukua makopo yao, na maji yalipopanda kila nyumba ilikuwa na mwanga. Kisha zikaja mvua kubwa za mwaka jana.

Siku maji yalipopanda, Shangazi hakuwepo. Binti yake wa mwisho alikuwa amepata uchungu wa uzazi, na hospitali iko ng'ambo ya mto. Mume wake aliazima gari, wakaondoka asubuhi. Mvua ilianza mchana. Kufikia alasiri umeme ulikuwa umekatwa na daraja limefungwa. Bibi na babu wapya walibaki ng'ambo ile na mjukuu mzima wa afya, na funguo za duka zikiwa kwenye pochi.

Funguo zote mbili. Hapo ndipo panapomuuma zaidi.

"Ile ya pili ilikuwa ikikaa nyumbani," anasema Shangazi. Anaacha kupima betri kwa muda. "Niliitoa kwa sababu ya huyu. Alikuwa anaingia dukani nikiwa nimelala, anapunguza betri kwenye makopo ya watu, anaweka redioni, kesho anarudisha zilizokwisha. Nikasema basi, funguo zote natembea nazo mimi. Nililinda betri mpaka wenyewe wakazikosa."

 Mume wake anapunguza sauti ya redio.

Yaliyofuata anayasimulia Nyundo, akiwa amekaa juu ya geti ambalo halijakamilika katika karakana yake. Giza lilipokaribia, watu wapatao ishirini walisimama mbele ya duka lililofungwa. Kila mtu alijua kopo lake liko rafu gani.

"Mimi nilikuja na nyundo yangu. Kufuli lile ni pigo moja tu, nalijua, mlango wenyewe niliutengeneza mimi. Nimekwisha inua mkono, fundi cherehani akanishika. Akasema, mwenyewe hayupo, msimvunjie mtu duka. Maji bado yako mbali, tutatoka kwa kupapasa."

Fundi cherehani ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Nyumba yake ni ya mwisho kabisa kabla ya mtaro, na anaishi na mama yake mzazi, ambaye watoto wote wa mtaa wanamwita Bibi. Miguu ya Bibi ilikuwa na maumivu ya muda mrefu, lakini alikuwa akitembea kwa fimbo hadi kwa jirani na kurudi.

Maji hayakubaki mbali. Fundi na Nyundo walimbeba Bibi katikati yao, gizani, wakipandisha ngazi za mawe zinazokwenda barabarani. Katika mojawapo ya ngazi hizo Fundi alikanyaga hewa. Wote watatu walianguka. Wawili waliinuka.

Bibi alivunjika nyonga. Alikaa hospitalini majuma mengi, na tangu aliporudi hajatoka nje ya chumba chake isipokuwa kwa kubebwa.

"Tulikuwa na betri za mtaa mzima," anasema Nyundo, "na hapakuwa na mtu wa kutumulikia ngazi."

Shangazi aliporudi siku ya pili, hakuna aliyempigia kelele. Watu walimpongeza kwa mjukuu. Walimpa pole kwa usumbufu wa njiani. Fundi cherehani naye alimsalimia, akapita.

"Hakuna aliyenilaumu," anasema Shangazi. "Afadhali wangenilaumu, ningejua pa kuanzia."

Tangu siku hiyo, Fundi hajanunua kitu dukani kwake. Sabuni anaifuata barabarani, mwendo wa robo saa.

Mwezi uliopita, wakazi walikutana katika karakana ya Nyundo kuzungumzia mvua za mwaka huu. Wengi walitaka kila mtu achukue betri zake akae nazo. Shangazi alikubali, ingawa alijua zitaishia wapi. Ndipo mume wake, aliyekuwa amekaa nyuma, akasema jambo lililowachekesha wote.

"Mimi naweza kuchukua betri za mke wangu na za duka. Za jirani siwezi. Nikishikwa na betri ya jirani nitaitazamaje dunia?"

Watu walicheka. Kisha, anasema Nyundo, kila mtu akaanza kujifikiria. Hata yule mama wa mtoto mwenye gari la pii-pii alitikisa kichwa kukubali. Walipotoka pale walikuwa wamekwisha kubaliana: betri za kila nyumba zitawekwa kwa jirani wa karibu, anayeweza kusikia akiitwa, na za jirani zitawekwa kwake. Kopo halitawekwa nyuma ya kufuli lolote. Litaning'inizwa kwenye msumari barazani, chini ya bati, mahali pakavu, likiwa na kitambaa chake, ili hata mwenye nyumba asipokuwepo mwenye kopo anyooshe mkono na kulichukua. Na ndani, pamoja na betri, kutakuwa na tochi, lakini betri zitabaki nje ya tochi hadi siku ya kuhitajika.

Sharti hilo la mwisho ni la Shangazi. Betri za bei nafuu zikisahauliwa ndani ya tochi huvuja, maji yake hula chuma, na tochi haiwaki tena hata ukiitia betri mpya. Wateja wake wana tabia zao: kuanika betri juani ili zipate nguvu, kuzing'ata kwa meno, kuchanganya moja mpya na moja ya zamani. Anawasikiliza, anacheka nao, halafu anawaambia: "Fanya hayo kwenye redio. Kwenye kopo la mvua weka mpya mbili, za pakiti moja, basi."

Wiki nzima amekuwa akipima, kubadilisha zilizochoka na kugawa makopo. Leo rafu yake imebaki na moja tu. Limefungwa kitambaa cha kijani chenye maua meupe. Ni la Fundi cherehani.

Fundi hakuhudhuria mkutano. Jirani wa karibu anayeweza kumsikia akiita ni mmoja: nyumba ya Shangazi iko juu ya yake, ukuta unatazamana na ukuta. Kama Fundi hatakubali Shangazi amshikie betri, hakuna mwingine wa kumshikia. Na habari zilizopo mtaani ni kwamba mwaka huu Fundi amenunua mishumaa.

"Mishumaa," anarudia Shangazi. "Chumba kimejaa vitambaa kutoka sakafuni hadi darini, na mtu asiyeweza kuinuka kitandani. Na mvua itafika kabla ya wiki mbili."

Anafunga dirisha la duka. Anachukua kopo la kijani, na kutoka chini ya meza anatoa kopo jingine, lenye kitambaa cha rangi ya udongo. Ni la nyumba yake mwenyewe.

"Twende," anamwambia mwandishi wa habari hii. Halafu anasimama. "Nikifukuzwa usiandike."

Njia ni fupi. Ni zile zile ngazi za mawe. Shangazi anashuka polepole akishika ukuta, na katikati anaonyesha kwa kidole ngazi moja iliyomeguka pembeni.

Cherehani inasikika kabla ya kuufikia mlango.

"Hodi."

Cherehani inasimama. "Karibu," sauti ya Fundi inajibu, kisha anapomwona aliyeingia sauti inashuka. "Shangazi. Karibu ukae."

Chumba ni kidogo na safi. Cherehani iko chini ya dirisha. Pembeni, kwa namna ambayo mshonaji akigeuza shingo tu anamwona, kuna kitanda, na juu yake amekaa Bibi, ameegemea mito, miguu chini ya shuka. Mishumaa iko kwenye rafu, ndani ya karatasi yake, haijafunguliwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani huyo? Sauti naijua, mtu simjui."

"Ni mimi, Bibi. Wa dukani."

"Aa," anasema Bibi.

Shangazi anaanza kueleza. Anaeleza mkutano, msumari, bati, anaeleza haraka kama anayeogopa kukatizwa. Anaweka makopo yote mawili juu ya meza ya kukatia vitambaa. Fundi anasikiliza, sindano tatu zikiwa kifuani mwa blauzi yake, mikono imelala juu ya kitambaa.

"Na binti yako akipata uchungu tena?" anauliza.

"Kopo liko nje, mwanangu. Hata nikifa, unanyoosha mkono."

"Na mzee na mipira yake?"

"Za kwako hagusi. Amesema mbele ya watu. Na za kwangu, nimekuletea wewe."

Fundi anakitazama kile kitambaa cha kijani. Anakigusa, anakikunja pembeni palipochanika nyuzi, kama anavyofanya mtu ambaye mikono yake haijui kukaa bure.

"Shangazi, unadhani nimekasirikia kufuli?"

Shangazi anasogeza makopo mezani.

"Kufuli ni mimi niliyesema lisivunjwe. Na ingekuwa leo ningesema hivyo hivyo. Bibi alilala hospitali majuma sijui mangapi. Ulituma maziwa. Ulituma matunda. Ulituma mzee, akasimama mlangoni kama anadai kodi, akaondoka. Wewe hukuja. Tumerudi hapa, ukuta huu na huu, unapita njia ya nyuma. Hukuja hata siku moja kumwambia Bibi pole."

"Nilikuwa na aibu."

"Najua. Ndiyo maana na mimi nikawa nafuata sabuni barabarani."

Shangazi, mwanamke ambaye asubuhi hii ametaniana na mtaa mzima, anafuta macho kwa kitambaa alichopimia betri, na kinamwachia alama nyeusi shavuni.

Bibi ndiye anayeingilia.

"Mimi niliyevunjika niko hapa hapa," anasema kutoka kitandani. "Wewe mzima ndiye uliyepotea. Sogea nikuone."

Shangazi anasogea. Anapiga magoti kando ya kitanda, anashika mkono wa Bibi kwa mikono yake miwili na kusema pole. Anasema mara moja tu, kwa sauti ya chini. Bibi anatikisa kichwa kuipokea.

"Sasa nipe hiyo tochi."

Fundi anafungua kopo la kijani, anatoa tochi na betri mbili, anampa mama yake. Bibi anazitia moja baada ya nyingine, anazungusha kifuniko, anasukuma swichi. Mwanga mweupe unampiga Shangazi usoni.

"Umenenepa," anasema Bibi.

Fundi anacheka kwanza. Kisha wanacheka wote watatu, na Bibi anaendelea kumulika: dari, cherehani, mlango, na mwisho mwanga unatulia nje, juu ya ngazi ya kwanza ya mawe.

"Inafika," anasema. Anaizima, anatoa betri, anazirudisha ndani ya kopo mwenyewe. "Kalitundike. Na hiyo mishumaa mpelekee dukani kwake aiuze."

Kwa hiyo jambo lilimalizika hivyo. Fundi alitoka na nyundo ndogo, akapiga msumari barazani kwake, akatundika kopo la Shangazi la rangi ya udongo. Kisha wakapanda wote wawili hadi nyumba ya juu, wakapiga msumari wa pili, wakatundika la kijani. Fundi alijaribu kulifikia akiwa amefumba macho. Alilipata mara ya kwanza. Akajaribu tena, amefumba macho vile vile, akianzia kwenye ngazi.

Wakishuka, Shangazi aliiangalia ile ngazi iliyomeguka na kusema atamwomba Nyundo aweke bomba la kushikia pembeni, kutoka mtaroni mpaka barabarani. Vyuma chakavu anavyo. Wakazi watachanga saruji. Anataka kazi hiyo iishe kabla ya tone la kwanza, na mtu akimwambia haiwezekani, anasema atakwenda kukaa kwenye karakana ya Nyundo na kreti lake hadi iwezekane.

Alasiri, duka limefunguliwa tena. Rafu ya makopo ni tupu. Mume wa Shangazi anasimama dirishani, redio mkononi, kimya.

"Imezimika," anasema.

"Nunua."

"Mimi? Ninunue kwako?"

"Za mvua ziko kwa Fundi, barazani, kwenye msumari. Hakuna kufuli. Nenda kachukue."

Mzee anatazama upande wa ngazi. Anatazama redio. Anakuna kichwa.

"Kwa Fundi siendi," anasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, anasema mke wake, anatia mkono mfukoni.

Shangazi anampa betri mbili na chenji. Juu ya mabati, upande wa bonde, wingu la kwanza la msimu limesimama, bado jeupe. Anapoulizwa anatarajia nini kutoka kwa mvua za mwaka huu, Shangazi anafikiri huku akipanga sabuni mahali palipokuwa na makopo.

"Nataka siku hiyo ikifika, mtu asikumbuke hata duka langu liko wapi," anasema. "Waje kesho yake. Waniambie tu zimewaka."